Spika za Gari la Msiba

Gari la Sylvanus lilikuwa Noah ya rangi ya maziwa, na lilikuwa na kosa moja tu: lilikuwa bubu. Redio iliyokuja nalo kutoka Japani haikushika stesheni hata moja ya Mpanda, haikuwa na tundu la flashi, na simu haikuzijua kabisa. Sauti pekee ndani ya gari lile ilikuwa ya mwanamke wa Kijapani. Kila asubuhi Sylvanus akiwasha, mwanamke huyo alisema maneno yake machache kwa upole, kisha akanyamaza mpaka safari nyingine. Hakuna aliyejua anasema nini. Nyanzala, mke wa Sylvanus, alimwita mke mwenza. "Baba Suzana, mke mwenzangu ameshakuamkia," alikuwa akisema huku anafagia uwanja, "sasa nenda ukatafute hela."

Na hela zenyewe, jamani, zilipatikana misibani. Mtu wa Shanwe, mtaa wao, akifiwa, akahitaji gari la kubeba ndugu kwenda makaburini bila makelele, alisema, "Mwiteni Sylvanus, gari lake lina adabu." Wenye harusi hawakumwita. Wenye kipaimara hawakumwita. Waliotaka kuzungushwa mjini kwa furaha walikodi gari la Kelvin, lile jeusi lenye sabufa mbili nyuma, ambalo likipita tu kuku wanatawanyika na mabati yanalia. Ndivyo Noah nzuri, yenye tairi mpya na viti visivyo na tundu, ilivyoitwa Gari la Msiba. Jina likashika mpaka watoto wa chekechea wakalijua.

Basi mwenye Gari la Msiba akapata harusi nyumbani kwake. Suzana, binti yake wa kwanza, aliposwa na Hilari, kijana wa Kikonongo wa Makanyagio, na kamati ikaanza kukaa kila wiki sebuleni kwa Nyanzala na kumaliza sukari yake.

"Tunakuja kwenye usafiri," alisema Deogratias, jirani yao muuza saruji, ambaye alikuwa mwenyekiti na hakupenda mtu mwingine aseme sana. "Gari la bibi harusi, Kelvin. Nimeshaongea naye, anatupunguzia. Mzee Sylvanus, na gari lako tumeliweka kwenye mpango. Litabeba masufuria na kreti za soda."

Sylvanus alikuwa na kikombe mkononi. Hakunywa, hakukiweka chini.

"Kwani la kwake lina ubaya gani?" aliuliza mtu wa nyuma.

"Si kwa ubaya, jamani," alisema Scola, mweka hazina, ambaye mdomo wake haukuwa na breki. "Ila bibi harusi atoke ndani ya Gari la Msiba? Watu si wataanza kulia pale pale?"

Sebule nzima ikacheka. Nyanzala naye, amesimama mlangoni na birika, alicheka kidogo kabla hajauona uso wa mumewe. Akaacha. Lakini kilichomuuma Nyanzala zaidi hakikuwa maneno ya Scola, maana huyo walishamzoea. Ni kwamba Suzana alikuwepo, amekaa pembeni kwenye mkeka, anaangalia kucha zake, na hakusema neno.

"Mtoto nimemlea mimi," Sylvanus alisema taratibu, "na kanisani nitampeleka mimi. Kwa gari langu."

"Kwa gari bubu, mzee?"

"Jumamosi ya harusi halitakuwa bubu."

Deogratias alikuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya, alipenda tu mambo yaende. "Haya. Alhamisi jioni ni kikao cha mwisho, tutatoka nje wote tusikilize. Likiimba, limepita. Lisipoimba, masufuria."

* * *

"Umeahidi kwa mfuko wa nani?" Nyanzala alimuuliza wageni walipoondoka.

"Wa Mungu."

"Mungu hana duka la redio Mpanda."

Sylvanus alicheka bila kutaka. Ukweli ni kwamba mfuko wake ulikuwa umekaushwa na harusi yenyewe, na kilichobaki nyumbani ni mchele wa Nyanzala, magunia matatu ya shamba lake la Mwamkulu, aliyoyaweka ndani akisubiri bei ipande. Nyanzala aliyaangalia pale yaliposimama nyuma ya kabati. Akamwangalia mumewe, aliyekuwa anajifanya haangalii magunia.

"Nitauza," alisema. "Lakini nakwambia mapema, baba Suzana, mchele ni wangu, na masikio yangu yanakwenda dukani pamoja na hela."

"Masikio yako yanajua nini mambo ya redio?"

"Yanajua wimbo wa Manyanda."

Hapo Sylvanus akaacha ubishi, kwa sababu wimbo wa Manyanda haukuwa jambo la utani. Kwa Wasukuma wa Mwamkulu harusi ni kutajwa. Ndaki, kaka yake Sylvanus na mwenye ng'ombe wengi kuliko wote katika ukoo, alikuwa ametoa dume zima kwa Manyanda, mpiga zeze, ili atunge wimbo wa kumtoa Suzana nyumbani. Manyanda alitunga, akaingia studio moja ya mjini, akaurekodi, na ndani yake akawataja watu wa ukoo mmoja mmoja: nani alitoka na nani huko Usukumani, nani alilisha ng'ombe wapi, nani yuko hai na nani amelala. Bibi harusi akitoka, wimbo unapigwa, na aliyetajwa anasogea mbele, anatunza. Wimbo ulikuwa umefika kwenye flashi. Walikuwa wameujaribu kwenye simu ya Suzana, na kwenye simu zeze lilifunika kila kitu. Nyanzala alishika jina la Ndaki tu, lililorudiwa rudiwa kwa sababu dume lilikuwa lake.

Alitaka kulisikia jina la baba yake. Mzee Nkwabi ndiye aliyewatangulia wote kwa miguu, ng'ombe mbele, mpaka Mwamkulu, na akazikwa huko kabla hajamwona mjukuu yeyote. Nyanzala aliambiwa yumo ndani ya wimbo. Kuambiwa hakukumtosha.

* * *

Fundi wao alikuwa Arcade, mtu wa Mishamo, mrefu, mwenye Kiswahili chenye lafudhi ya Kirundi, na kibanda karibu na sokoni kilichojaa nyaya kuanzia mlangoni. Alizisikiliza shida zao huku akipuliza vumbi kwenye redio ya mtu.

"Mnataka kusikia nini?" aliuliza.

"Sauti," alisema Sylvanus.

"Majina," alisema Nyanzala.

Arcade akawaangalia wote wawili, akatabasamu. "Basi mna kazi. Hela yenu ni ngapi?"

Walimtajia. Akaguna, si vibaya. "Inatosha vitu viwili, haitoshi vitatu. Redio mpya ya flashi lazima, hiyo haina mjadala. Baada ya hapo, njia ya kwanza: sabufa na amplifaya yake. Spika za milangoni zinabaki hizi za Japani, ni za karatasi na zimechoka, lakini mtatetemesha mtaa. Njia ya pili: spika mpya za milango ya mbele pamoja na twita zake, hizi ndogo za sauti nyembamba. Amplifaya ndogo. Waya mnene kutoka kwenye betri, na fyuzi. Sabufa hakuna."

Sylvanus hata hakusikia mwisho wa njia ya pili. Alikuwa ameshaiona sabufa. Ilikuwa pembeni, ndani ya boksi kubwa lililovikwa zulia jeusi, na mbele ina taa ya bluu inayozunguka. Akaiwekea mkono juu kama anampapasa ndama.

"Hii, ukiiwasha Shanwe, Makanyagio wanasikia?"

"Wanasikia, mzee."

"Na maneno yatatoka wapi?" aliuliza Nyanzala.

"Maneno yatatoka tu, mama Suzana. Sauti ikishakuwa kubwa, maneno yatakimbilia wapi?"

Nyanzala alimgeukia Arcade. Arcade akainamia redio aliyokuwa anaipuliza. "Mimi ningechukua njia ya pili," alisema, "ila gari si langu."

Nyanzala alikuwa na kila sababu ya kukataa, na hela ilikuwa kwenye fundo la kanga yake. Lakini alimwangalia mumewe. Tangu siku ile ya kikao Sylvanus alikuwa anakula kwa kusukumwa, na sasa hivi alikuwa anachekea taa ya bluu, meno yote nje. Akamwonea huruma. Akafungua fundo, na huruma ile ikawatia aibu mbele ya mtaa mzima.

* * *

Alhamisi jioni walikuja wote. Kamati ilikuja, majirani walikuja, na Imakulata, mama yake Hilari, alikuja na vitenge vipya akakalishwa kiti cha mbele. Kutoka Mwamkulu alifika Ndaki mwenyewe na wazee wawili, fimbo mkononi, vumbi la barabara mpaka magotini. Noah ilikuwa katikati ya uwanja, imeoshwa, mlango wa nyuma umefunguliwa ili watu waione taa ya bluu.

Sylvanus akawasha. Akachomeka flashi. Akazungusha kitufe mpaka mwisho.

Lo! Kuku walikimbia, hilo halina ubishi. Namba ya gari ikaanza kulia kwenye bampa. Kifuniko cha birika la Nyanzala kikacheza chenyewe jikoni. Vijana wakapiga mbinja, na kwa muda Sylvanus alisimama kando ya gari lake amepandisha mabega kwa fahari. Lakini wazee wa Mwamkulu walikuwa wamesogeza masikio, wanasubiri, na kadiri walivyosubiri ndivyo nyuso zao zilivyokunjamana. Zeze halikuwepo. Manyanda hakuwepo. Kilichokuwepo ni du, du, du, na katikati yake kitu kinachokoroma. Taa za mbele zilizima na kuwaka kwa kila kishindo.

Ndaki akainua fimbo. Sylvanus akapunguza sauti.

"Mdogo wangu," alisema Ndaki, "nimesikia ng'ombe wanavuka daraja la mbao. Manyanda yuko wapi?"

"Yumo, kaka."

"Dume langu limekwenda kwa ajili ya majina. Haya, mtu yeyote hapa, anitajie jina moja alilosikia."

Walitazamana. Imakulata, kwa adabu zake za ukweni, alisema alifikiri amesikia "Duduma", lakini haijui familia hiyo. Na wakati huo huo Sylvanus, akitaka kuonyesha kwamba tatizo ni dogo, akalizima gari na kuwasha tena. Halikuwaka. Sabufa ilikuwa imekunywa betri yote.

Kamati ya harusi ikalisukuma Gari la Msiba kutoka katikati ya uwanja, Deogratias akiwa na suti, Scola akiwa na viatu mkononi. "Sukumeni wazee," alisema Scola, "msiba ndiyo umeanza." Watu walicheka mpaka wakaishiwa nguvu za kusukuma.

"Masufuria," alisema Deogratias akijifuta jasho. Hakulisema kwa furaha.

"Hapana." Ilikuwa sauti ya Suzana. Alikuwa ameweka mikono kwenye bodi ya gari, nyuma, pamoja na wanaume. "Mimi napanda gari la baba. Hata likiwa bubu. Hata likisukumwa mpaka kanisani." Akamgeukia Sylvanus. "Lakini baba, nakuomba, hicho kitu kitoe."

Nyanzala alijikuta anacheka na kufuta macho kwa pamoja, kwa sababu lile neno alilolisubiri tangu kikao kile lilikuwa limefika. Lakini Ndaki hakucheka.

"Bibi harusi amesema lake, na mimi naheshimu. Sasa na mimi nasema langu. Majina ya wazee hayawezi kukorogwa mbele ya wakwe. Jumamosi nikifika hapa nikasikia majina, ng'ombe wa karamu anashuka kwenye lori. Nisiposikia, ninageuka naye." Akaaga kila mtu kwa mkono, akaondoka na wazee wake.

* * *

Walibaki wawili. Sylvanus alipewa betri ya jirani, akasema kwamba shida ni ndogo, atapunguza tu kidogo, sabufa inabaki. Nyanzala hakubishana. Alikwenda kukoleza moto. Mtu akiwa na aibu mbichi haambiwi kitu.

Akiwa jikoni alimwona mumewe ameingia ndani ya gari, amefunga milango yote na vioo. Jua lilikuwa bado halijazama vizuri, na aliweza kumwona anauanzisha wimbo, polepole, ameinama mpaka sikio linagusa mlango wenye ile spika ya karatasi. Aliusikiliza wote. Ulipokaribia mwisho aliurudisha nyuma, akasikiliza tena sehemu ile ile, na tena. Aliposhuka alikuwa mtu mwingine.

"Kesho tunaitoa," alisema.

"Umekubali vipi?"

"Nimekubali tu."

"Baba Suzana, wewe hujawahi kukubali tu tangu nikujue."

"Pakua ugali, mama. Njaa inauma."

* * *

Ijumaa asubuhi, kwa Arcade, walikuta bahati imeegesha gari jeusi. Kelvin alikuwa amekuja kubadilisha fyuzi. Alipoiona sabufa ya bluu inashushwa kwenye Noah, macho yakamtoka.

"Mzee, hiyo unaiacha? Si unipe mimi! Nitakuwa nazo tatu!"

"Mtoto wangu, zitakusaidia nini tatu?"

"Raha tu, mzee!" alisema Kelvin, na jibu lake lilikuwa la kweli kabisa. Akalipa pale pale bila kuomba punguzo, akaifunga nyuma ya gari lake mwenyewe akipiga mluzi. Hela yake ikanunua spika, twita, amplifaya ndogo na waya mnene, na ikabaki ya soda tatu.

"Lakini spika si kununua tu," alisema Arcade akifungua milango ya mbele. Bati lilikuwa tupu ndani; aliligonga kwa kidole likalia kama debe. "Spika nzuri kwenye mlango mtupu ni hela ya kutupa. Bati linaimba wimbo wake. Nahitaji mbao ya kuifungia spika, na kitu laini cha kulinyamazisha bati."

Mbao ilipatikana kwa seremala wa jirani, vipande vya mninga vilivyobaki kwenye kitanda cha mtu, vikakatwa duara mbili safi. Kwa kitu laini, Nyanzala alisema, "Ningojeni," akapanda bodaboda mpaka nyumbani. Alirudi amebeba godoro jembamba lenye maua yaliyofifia. Lilikuwa la Suzana, la bweni, alilokwenda nalo sekondari na kurudi nalo miaka yote.

Sylvanus alilishika. "Hili?"

"Si anaondoka? Basi aondoke nalo."

Walilikata wote watatu kwa kisu cha Arcade. Vipande viliingia ndani ya milango, vikabanwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, na Arcade alipogonga tena bati likatoa sauti fupi, iliyoshiba. Akakwangua rangi mahali padogo chini ya kiti ili waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi, ushike chuma vizuri. Akachomoa redio ili apitishe nyaya mpya. Nyuma ya dashibodi akakuta kisanduku kidogo cheusi, peke yake. "Kumbe mwanamke wenu wa Kijapani anakaa humu, si kwenye redio. Nimtoe?"

"Muache," alisema Nyanzala. "Tumezoeana."

Ilipofika kupanga sauti, Arcade alimkalisha Nyanzala kiti cha katikati, mahali atakapokaa bibi harusi, akapiga mwanzo wa wimbo. "Niambie mama, Manyanda yuko wapi?"

Nyanzala alifumba macho. "Yuko miguuni. Anaimbia viatu."

Arcade akazitoa twita chini, akazipandisha karibu na vioo vya pembeni. "Na sasa?"

"Amesimama. Lakini amenuna."

Akagusa kitu kwenye redio, akapunguza besi, akaongeza kidogo juu.

"Sasa," alisema Nyanzala. Hakusema zaidi, kwa sababu zeze lilikuwa limekaa upande mmoja na mtu amekaa katikati, mbele yake, anavuta pumzi kabla ya kuimba. Alimsikia akivuta pumzi. Ndaki akatajwa na madume yake. Wajomba wakatajwa. Kisha Manyanda akasema, wazi kabisa, kwamba kabla ya hao wote palikuwa na Nkwabi, aliyekuja na ng'ombe kumi na mmoja na fimbo moja, akaichomeka fimbo kwenye udongo mweusi wa Mwamkulu na kusema hapa. Nyanzala alishika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Baba yake alikuwa anatembea tena, na alikuwa anatembea ndani ya gari lao.

Ghafla wimbo ukakatika. Sylvanus alikuwa ameuzima.

"Mbona umezima? Haujaisha!"

"Inatosha. Tunamaliza betri."

"Betri gani na gari linaunguruma?"

"Mama Suzana, tuiachie harusi nayo isikie kitu," alisema Sylvanus, akachomoa flashi na kuitia mfukoni. Arcade akacheka chinichini, akaenda kunawa mikono.

* * *

Jumamosi uwanja ulijaa mpaka barabarani. Suzana alitoka ndani na shela lake, na Noah ilikuwa mlangoni, riboni nyeupe kwenye vioo. Nyuma yake alikuwa Kelvin na sabufa tatu, amepewa wapambe, amefurahi vilevile. Masufuria yalikwenda kwa guta la magurudumu matatu. Imakulata na watu wa Makanyagio walisimama upande mmoja. Upande wa barabara alisimama Ndaki, na nyuma yake lori, na ndani ya lori ng'ombe wa karamu anachungulia. Ndaki hakusalimia. Alisema neno moja tu.

"Imba."

Sylvanus akazungusha ufunguo, watu wote wakanyamaza kusubiri, na katika kimya kile mwanamke wa Kijapani akasema maneno yake machache, kwa upole, kwa kila mtu.

"Huyo nani?" aliuliza Imakulata.

"Mke mwenzangu," alisema Nyanzala. "Anasema harusi ianze."

Uwanja ukalipuka kwa kicheko, hata fimbo ya Ndaki ikatikisika. Na kabla kicheko hakijaisha zeze liliingia, safi, likifuatiwa na sauti ya Manyanda kupitia milango iliyofunguliwa, kila neno na mahali pake. "Ndaki!" iliita. Ndaki aliganda. Kisha akatupa fimbo kwa mtu, akasogea na noti, akaiweka kwenye boneti huku akiruka mguu mmoja mmoja, mzee mzima. "Nimesikia! Nimesikia hata kikohozi chake!" alipiga kelele. "Mshusheni ng'ombe!" Vigelegele vikapanda. Wajomba wakaitwa, wakaja. Sylvanus akaitwa, akaja. Watu wa Makanyagio, ambao hawakujua Kisukuma, waliyashika majina, na kila jina likitajwa Deogratias aliwatafsiria yaliyobaki kama mtangazaji wa mpira, ingawa nusu alibuni. Nkwabi alipotajwa, wazee wa Mwamkulu walivua kofia.

Nyanzala alitunza kwa jina la baba yake, akarudi nyuma akijifuta. Alidhani umeisha. Manyanda hutaja aliolipwa awataje, na wale wa dume la Ndaki walikuwa wameshaisha. Lakini zeze lilipungua, likashuka, na Manyanda akavuta pumzi tena.

Akamtaja Nyanzala. Nyanzala ng'wana Nkwabi, mtoto wa Nkwabi, alisema, ambaye hakutoa ng'ombe, ambaye ameinama kwenye mpunga wa Mwamkulu mpaka mtoto akasoma, mpaka nyumba ikaezekwa, mpaka gari likanunuliwa, na watu wakaliita gari la mumewe. Mtoto anatoka leo. Nani alimbeba kabla ya gari?

Wanawake wote wa Shanwe wakapiga kigelegele kimoja ambacho sabufa tatu za Kelvin zisingekifikia. Scola alikuwa analia waziwazi na kuwasukuma watu wampishe Nyanzala. Suzana, ndani ya gari, aliharibu rangi yote ya machoni na hakujali.

Nyanzala alifika mbele, akasimama pembeni ya boneti, hana noti tena mkononi. Alimwangalia mumewe. Sasa alielewa kwa nini siku ile sikio lake liligusa mlango, kwa nini jioni ile ile alikubali tu, na kwa nini Ijumaa aliukatisha wimbo.

"Ulimlipa nini Manyanda?" aliuliza.

"Si alifiwa na mama yake mwezi wa pili?" alisema Sylvanus, akiangalia chini na kukwaruza tairi kwa kiatu. "Nani aliwabeba ndugu zake wote mpaka Kapalamsenga na kuwarudisha? Nilikataa hela. Nikamwambia, utanitajia mtu mmoja."

Nyanzala akafungua kanga yake ya juu, mpya, ya harusi, akaitandaza kwenye boneti juu ya noti zote. Ndiyo ikawa tunzo yake. Watu wakashangilia mpaka ng'ombe akageuka kule alikofungwa.

Deogratias alikuwa anaangalia saa. "Jamani, jamani, tumechelewa. Bibi harusi kashaingia. Mzee Sylvanus, endesha. Padri anasubiri!"

Nyanzala aliingia garini, akakaa karibu na binti yake, akamshika mkono. Mlango wenye godoro ukafungwa kwa sauti fupi.

"Padri hajatajwa," alisema. "Rudisha pale, baba Suzana. Rudisha."